Dola 240 kwa kopo ya biskuti

Kopo ilifika jumatano na moto (yaani pikipiki), imefungwa na mpira wa tairi, na kabla hata mwenye moto hajalipwa Yaya alikuwa ameshaitikisa mara mbili karibu na sikio kama mtu anayesikiliza kama karanga zimekauka. (Wasomaji wa Dar na Mombasa msicheke, kwenu yaya ni msichana wa kazi, kwetu Lubumbashi yaya ni mkubwa wako. Huyu ni mtoto wa baba mkubwa, ananizidi miaka kumi na sita, fundi wa magari pale Katuba.)

Nataka kueleza usiku mmoja tu, si maisha yake yote. Usiku ule wa mnada wa grupu mi ndo nilikuwa naandika bei za Yaya, ju telefone yake ilikuwa imeisha mega (bando) na yangu ilikuwa nazo, kwa hiyo nina kila namba na saa yake, na nimerudia kusoma ile mazungumzo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye kazi. Yaya amenipa ruhusa niandike, mradi nisitaje jina. Alisema hivi: "Andika, lakini uandike pia kama ni we ulikuwa unabonyeza." Sawa. Ni mi nilikuwa nabonyeza.

Grupu yenyewe ni ya WhatsApp, watu wanaopenda vitu vya zamani, wengi wako hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wengine wako Ulaya. Watu wanaweka tembre za posta, noti, picha za wakati mji ulikuwa unaitwa Élisabethville, sahani za zamani. Mwenye kitu cha kuuza anaweka picha, anasema bei ya kuanzia na saa ya kufunga, alafu kila mtu anaandika namba yake. Kuna sheria moja tu ya ziada: ukiweka bei ndani ya dakika tano za mwisho, saa ya kufunga inasogea dakika tano mbele. Ikumbuke hiyo sheria, tutairudilia.

Jumamosi ile muuzaji mmoja aliweka picha ya kopo ya biskuti imefunguliwa, picha moja basi, imepigwa usiku na flashi. Ndani kuna sarafu kama hamsini hivi. Unaona za wakati wa Wabelgiji, unaona za Zaire zenye uso wa Mobutu, unaona tatu ao nne za Katanga, na kidogo upande wa kushoto kuna moja inang'aa. Zingine ni kahawia, zimechoka, hii ni njano kabisa. Muuzaji akaandika: "Vitu vya marehemu babu, mi sijui bei zake. Tunaanza dola 5, tunafunga saa mbili ya usiku." Alafu akanyamaza.

Hapa lazima nieleze kidogo kwa wasiojua. Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo letu la Katanga, alitangaza jimbo limejitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, na ile mambo ikaisha Januari 1963. Katikati hapo Katanga ilikuwa na benki yake, noti zake zenye picha ya Tshombe mwenyewe, na sarafu za mwaka 1961, franka 1 na franka 5, za bronzi. Upande moja mkungu wa ndizi, upande mwingine ile misalaba ya shaba tunayoiita croisette, ambayo ilikuwa pesa ya huku zamani, kabla hata Mbelgiji hajafika, inatengenezwa na wale waliokuwa wanaitwa wakula shaba. Mi hii sarafu inanifurahisha sana ju ni pesa iliyochorwa pesa nyingine juu yake. Za bronzi si adimu, utazipata. Lakini mwaka uleule walitengeneza pia franka 5 ya dhahabu, picha zilezile, ukubwa uleule. Hiyo hata ukiiyeyusha tu kwa sonara ni dola nyingi sana.

Sasa unaelewa ile njano kwenye picha ilifanya nini kwa watu. Hakuna hata mmoja aliyeandika neno "dhahabu". Wote waliandika tu namba.

Na kwa Yaya kulikuwa na kitu kingine chini yake. Baba mkubwa alianza kazi kampuni ya migodi ikiitwa Union Minière, akachukua pensheni ikiitwa Gécamines, na maisha yake yote alikuwa anatupa sarafu kwenye kopo ya maziwa. Yaya akiwa mtoto alikuwa anazipanga chini kwenye sementi siku ya mvua. Ile aliyoipenda ilikuwa franka 2 ya mwaka 1943 yenye pembe sita na tembo. Wakati ule Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, kwa hiyo zile sarafu za tembo zilitengenezwa Philadelphia, Marekani, zikaletwa Kongo. Baba mkubwa alipofariki, miaka ya 90, shangazi mmoja aliuza kopo nzima kwa watu wa mitraye (vyuma chakavu), kwa kilo. Simlaumu, na Yaya naye siku hizi hamlaumu. Wakati ule pesa yenyewe ya nchi ilikuwa imekufa, mwaka 1993 walileta zaire mpya, moja kwa zaire milioni 3 za zamani, nani angeona sarafu kama kitu? Shaba ilirudi kuwa shaba. Lakini mtoto wa miaka kumi na kitu aliporudi kutoka shule akakuta kopo haiko, hicho kitu hakikuisha.

Sarafu zake za sasa anaziweka kwenye plato za mayai, zile za karatasi, mashimo thelathini. Plato ya Katanga na ya Wabelgiji ni moja. Ukienda kwake atakuonyesha, na utaona anakuonyesha kwa haraka zile zilizopo, alafu kidole kinasimama juu ya shimo tupu. "Hapa tembo. Hapa ile ya dhahabu, siku Mungu akipenda." Kwa mtu wa nje kuna mashimo ishirini na nane yamejaa, si mbaya. Yeye anaona mawili.

Basi, jumamosi. Kabla ya kuanza nilimuuliza mwisho wake ni ngapi. Alifikiri vizuri, hakukurupuka, alihesabu za Katanga, za Wabelgiji, akapunguza zile za Mobutu, akasema dola 60 na hata hapo nitakuwa nimelipia bahati. Akaandika 60 na bik juu ya pakiti ya sigara akaiweka mezani. Hiyo pakiti iliendelea kukaa pale usiku mzima, hakuna aliyeitoa, hakuna aliyeiangalia.

Kutoka dola 5 mpaka 35 kulikuwa na watu saba, ilikuwa kama mchezo, watu wanaongeza dola moja, mbili, wanatuma vichekesho. Saa moja na nusu tuliandika 40. Mtu wa Likasi akasema 45, tukasema 50, Likasi akatoka. Saa mbili kasoro dakika nane ikaingia namba yenye +32, yaani Ubelgiji, mtu ambaye hakuwa amesema kitu tangu asubuhi, akaandika 60. Namba ileile ya kwenye pakiti.

Nikamwangalia Yaya. Akasema, "Dola tano njo nini? Andika sitini na tano."

Hapo ndo mlango ulipofunguka, na ukiangalia vizuri hakusema uongo. Dola tano si kitu. Lakini tangu pale kila hesabu aliyofanya ilikuwa kati ya bei ya yule mtu na bei yetu, haikuwa tena kati ya bei yetu na kopo. 65 kwa 70, tofauti dola tano. 100 kwa 110, tofauti dola kumi. Ukipanda ngazi unaangalia kidaraja kimoja tu, nani anaangalia chini? Ile dola 60 ilikuwa imehesabiwa toka chini, na hakuna mtu aliyerudi chini kuhesabu tena.

Na kuanzia chini kule kulisaidia. Kuna watafiti, Gillian Ku na wenzake, mwaka 2006 walionyesha kama mnada unaoanza na bei ya chini unaweza kumalizika juu kuliko ule unaoanza na bei ya juu, ju bei ya chini inaita watu wengi, wakiingia wameshaweka muda na moyo wao, na wingi wa watu wenyewe unamwambia anayekuja nyuma kama kitu ni kizuri. Muuzaji wetu sidhani alisoma hayo. Bibi anayeuza nyanya anajua hilo pia: meza yenye watu inaita watu.

Saa mbili na dakika nne tukaandika 100. Dakika zikapita. Moja, mbili, tatu, nne. Yaya alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akakaa, mkono juu ya goti unacheza. Bukari (ugali) ilikuwa imeshakuwa baridi mezani. Akasema polepole, si kwa kuniambia mi: "Ni yangu." Sekunde chache kabla ya kufunga, +32 akaandika 110.

Mi nimesoma vitu vingi tangu usiku ule kujaribu kuelewa uso niliouona pale. Haukuwa uso wa mtu aliyekosa kununua, ulikuwa uso wa mtu ameibiwa. Kopo haijawahi kuwa ndani ya nyumba yake, hajaigusa, hajalipa hata franka, lakini kwa zile dakika nne ilikuwa yake, alikuwa ameshaimwaga juu ya meza, ameshachagua shimo, na sasa mtu ameingiza mkono akachukua. Mwaka 2008 Mauricio Delgado na wenzake kule Marekani waliweka watu kwenye mashine inayoangalia ubongo wakiwa wanashindana kwenye mnada, wakaona sehemu ya ubongo inayohusika na zawadi inaitika sana pale mtu anaposhindwa, na wale walioitika zaidi ndo walioweka bei kupita kiasi. Alafu wakafanya kitu cha ujanja: kundi moja waliambiwa ukishinda utapata dola 15 juu, kundi lingine walipewa dola 15 kwanza wakaambiwa ukishindwa tunazichukua. Pesa ileile. Wale waliokuwa na kitu cha kunyang'anywa waliweka bei kubwa zaidi. Saa mbili na dakika nane usiku, Yaya alikuwa kundi la pili.

Na ile sheria ya dakika tano ndo iliyomweka pale. Al Roth na Axel Ockenfels waliandika mwaka 2002 kuhusu minada ya mtandaoni ya eBay na ile Amazon ilikuwa nayo zamani. eBay saa ikifika imefika, kwa hiyo wajanja wanakaa kimya mpaka sekunde za mwisho. Amazon ilikuwa inasogeza mwisho kila mtu akiweka bei dakika za mwisho, na huko kuvizia kulikuwa kidogo sana. Wengi wanaona hii ya kusogeza ni haki zaidi, na kweli ni haki, kila mtu anapata nafasi ya kujibu. Lakini kwa mtu kama Yaya, nafasi ya kujibu ndo hatari yenyewe. Ingekuwa saa mbili kamili imefungwa, angelala akinung'unika, na dola zake mfukoni.

Baada ya 110 mambo yalienda mbio. 120. 130. Hapo grupu nzima iliamka, watu wanaweka moto, wanaweka makofi, mtu mmoja akaandika "Yaya usikubali, isiende tena Ulaya!" na mwingine akacheka, na mwingine akaandika "vitu vya Katanga vikae Katanga". Nikasema moyoni, basi, tumekwisha. Mpaka pale alikuwa mnunuzi. Kuanzia pale alikuwa anatetea nchi.

Na hapa ndo nataka kusema kitu ambacho sijakiona kwa hao watafiti, ju wao hawajakaa kwenye parokia yetu.

Siku ya mavuno pale kwetu, watu wanaleta kuku, fuba (unga), ndizi, mbuzi wakipatikana, alafu baada ya misa kunakuwa mnada. Nimeona kuku mmoja akienda dola 50. Hakuna mtu anayefikiri yule kuku ana thamani ya dola 50, hata kuku mwenyewe. Papa Fulani anasema kumi, Papa mwingine anasema kumi na tano, wamama wanapiga vigelegele, katekista anatania, "Papa, ni wewe utaacha kuku wa Bwana atembee peke yake?", na unaendelea ju unaangaliwa. Pale kuacha ndo aibu. Anayelipa zaidi anapigiwa makofi na pesa inaenda kuweka mabati ya kanisa, wote wanashinda, na kuku mara nyingi anarudishwa auzwe tena. Ni kitu kizuri, sikisemi vibaya. Ila angalia kinafundisha mkono nini: bei haina uhusiano na kitu, mshindani wako ni wa kupandisha heshima, makofi yanakuambia endelea, na mwanaume hatoki katikati.

Yaya amenunua kuku wengi vile. Hajawahi kukaa kwenye mnada wa aina nyingine. Kwa hiyo makofi yalipoingia, hata kama ni makofi ya telefone, mwili wake ulijua uko wapi. Nilipomwambia kwa 150, "Yaya, tuko mara mbili na nusu ya pakiti," alinijibu, "Watu wanaangalia." Hakusema sarafu ni nzuri, hakusema dhahabu. Kilichokuwa kinauzwa saa ile ni neno la mwisho mbele ya watu, na kwa neno la mwisho dola 150 si ghali.

Kuna utafiti unaokaribia hilo. Chicago mwaka 1999 waliweka ng'ombe wa fiberglass barabarani, wamepakwa rangi na wasanii, alafu wakawauza kwa mnada kwa ajili ya misaada. Ku, Malhotra na Murnighan wakawauliza walioweka bei, wakachapisha mwaka 2005. Watu walikuwa wamepita mipaka waliyojiwekea wenyewe, na vitu vilivyowasukuma ni haraka ya saa, macho ya watu, na ushindani, hasa mnapobaki wachache. Hii ya wachache inashangaza mwanzoni. Ungefikiri watu saba wanakuchoma kuliko mmoja. Lakini saba ni soko, mmoja ni mtu. Tulipokuwa saba Yaya alikuwa anapiga mafumbo na kula karanga. Alipobaki +32 peke yake, ndo akaacha kula. Hakuwa na jina, hakuwa na picha, na Yaya alikuwa ameshampa tumbo, miwani, na tabia mbaya.

160, 175, 190, 200. Kwenye 200 nyumba ilinyamaza. Mama wa nyumba, yaani shemeji yangu, alikuwa kwenye kona anahesabu pesa ya fuba ya siku ile, hakunyanyua kichwa. +32 akaandika 215. Tukaandika 220. Yeye 230. Yaya akasema "mia mbili na makumi ine" na sauti ambayo haikuwa na furaha hata kidogo, na mi nikabonyeza. Dakika tano. Hakuna. Muuzaji akaweka: "Imeuzwa, hongera mukubwa."

Saa mbili na dakika hamsini na moja. Kutoka 60 ya +32 mpaka kuuzwa kwa 240 ilichukua dakika 59.

Pesa ilitoka wapi? Mia moja na themanini ilikuwa ya mabati ya chumba cha nyuma, sitini ilikuwa ya sarafu kweli. Mabati yalingoja. Mvua haikungoja, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Sasa jumatano. Kopo imefunguliwa juu ya meza, shemeji yuko, watoto wako, mi niko. Yaya hakumwaga. Aliingiza vidole viwili akatoa ile inayong'aa, akaigeuza. Mkungu wa ndizi. Croisette. Franka 5, 1961. Na mi nilishaona tatizo kabla hajasema: kwenye mashimo ya herufi kulikuwa na unga mweupe, na uso wote una mistari midogo midogo, kama sufuria iliyosuguliwa na majivu. Mtu fulani, labda yule babu, labda mjukuu aliyetaka picha ipendeze, alikuwa ameipiga limau na majivu. Bronzi ukiisugua vile inang'aa njano siku kadhaa. Na kwa mkusanyaji sarafu iliyosuguliwa imeharibika, thamani inashuka kuliko zile za kahawia zilizo pembeni yake. Tulikuwa tumelipa zaidi kwa ile mbovu kuliko zote.

Tulienda kwa sonara hata hivyo, ju mtu aliyelipa 240 lazima aende mpaka mwisho. Mizani ikasema gramu sita na nusu. Ile ya dhahabu inapita gramu 13. Ukubwa ni uleule, lakini dhahabu ni nzito, karibu mara mbili, yaani swali moja tu kwa muuzaji, "tafadhali ipime", lingemaliza kila kitu jumamosi saa nane ya mchana. Shemeji anauza fuba kwa meka (kibakuli cha kupimia), kila siku anapima na anapimiwa. Tuliporudi alisema neno moja: "Bila kupima?" Akaendelea na kazi.

Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Marekani, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwa nini kampuni zilizokuwa zinashinda minada ya visima vya Ghuba ya Meksiko zilikuwa zinapata faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Hakuna anayejua chini kuna mafuta kiasi gani, kila mmoja anakisia, mmoja anakisia chini, mmoja katikati, mmoja juu, na anayeshinda ni nani? Ni yule aliyekosea zaidi kwa upande wa juu. Watu wanaiita laana ya mshindi. Mtu wa Likasi aliona picha ileile akasema 45 basi. Kama watu sita wenye macho wameacha, ile peke yake ni habari, inakuambia kitu kuhusu kopo. Sisi tuliisikia kama habari ya uoga wao.

Mi mwenyewe nilisikia hivyo, nisijitoe. Nilikuwa nabonyeza na moyo unadunda, na ningekuwa na mia mbili zangu sijui ningefanya nini.

Kilichonishangaza zaidi si hasara. Ni kama baada ya sonara Yaya hakuwa na huzuni sana, na hakuwa na furaha, alikuwa tu mtupu. Kuanzia jumamosi mpaka jumatano alikuwa mtu mwingine, anaimba chini ya gari, ananipigia kuuliza kama kopo imetoka, ananieleza mara ya tano tofauti ya herufi. Siku nne zile ndo alizinunua, mi naona. Wolfram Schultz na wenzake walieleza mwaka 1997 mambo ya nyani na maji ya matunda: mwanzoni seli za dopamini, zile za ubongo zinazohusika na zawadi, zinaitika nyani akipata juisi, lakini akishazoea kama taa inatangulia juisi, zinaitika kwenye taa. Juisi ikifika, kimya. Na taa ikiwaka alafu juisi isije, zinashuka chini ya kawaida. Ile picha ya flashi ilikuwa taa. Na wakusanyaji ni watu wanaoishi kwenye taa. Hata kitu cha kwanza kabisa kilichouzwa eBay, mwaka 1995, kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, ikaenda dola 14.83, mwenye tovuti akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama anajua kwamba ni mbovu. Wanavyosimulia, akajibu anajua, yeye anakusanya kalamu za leza zilizoharibika. Mi hiyo naicheka kila mara, lakini siyo kwa kumdharau. Mtu yule alikuwa na shimo lake kwenye plato.

Ijumaa ndo Yaya alimwaga kopo vizuri, kwa mara ya kwanza, ju nilimwambia tupange tu tujue ziko ngapi. Zilikuwa hamsini na tatu. Za Mobutu ishirini na moja, na tukakumbuka tena kama makuta ilikuwa sehemu ya zaire, mia moja kwa zaire moja, pesa imekufa lakini mpaka leo huku mtu akikosa pesa anasema hana makuta. Na chini kabisa, imeshikana na kitu kama mafuta, kulikuwa na moja yenye pembe. Nilihesabu pembe. Sita. Tembo, 1943. Kwenye picha haikuonekana kabisa, hakuna aliyelipia hata senti moja ju yake.

Yaya aliishika muda mrefu. Hakusema kuhusu baba mkubwa, na mi sikuuliza. Akaifuta na tishati, nikamwambia usisugue, akacheka, akaiweka kwenye shimo lake.

Jumapili +32 akaniandikia kwa faragha, ju kwake mi ndo mshindani. Alikuwa mtu wa adabu sana. Kumbe alizaliwa Kamalondo, hapahapa Lubumbashi, aliondoka akiwa kijana, hana tumbo hata, alinitumia picha yake akiwa na wajukuu. Aliuliza: "Samahani ndugu, ile iliyong'aa ilikuwa nini?" Nikampelekea Yaya telefone. Yaya akasema mwambie ukweli. Nikamwambia, bronzi, imesuguliwa. Akajibu, "Mungu amenisaidia," na baadaye kidogo, "Pole." Alafu akauliza kama ndani kulikuwa na tembo, ju mama yake alikuwa nazo mbili na yeye hana hata moja, na kama Yaya anaweza kumuuzia.

Sarafu ile si adimu, zilitengenezwa mamilioni, wiki moja kabla ungempa Yaya kwa dola kumi angesema ghali. Mwaka 1990 Kahneman, Knetsch na Thaler waliwagawia wanafunzi wa Cornell vikombe, wengine wakapata, wengine wakakosa, na waliopata walitaka kuuza kwa karibu mara mbili ya kile waliokosa walikuwa tayari kulipa. Nilikuwa namweleza Yaya hayo wakati anafikiri. Akaniacha nimalize.

"Mwambie mia moja," akasema.

+32 akajibu kwamba yeye anaweza kumi na tano. Yaya akasoma, akanirudishia telefone, akasema usijibu kitu. Ni wiki ya tatu sasa. Akiniona tu, hata salamu bado, ananiuliza kama yule mtu hajaandika.